Kisanduku cha Mtu katika Kompyuta ya Mwingine: Matumizi ya Barua Pepe kwa Njia ya Kivinjari katika Miji ya Kasulu na Kibondo, Mkoani Kigoma

IKISIRI

Makala haya yanafafanua namna barua pepe inavyotumiwa kwa njia ya kivinjari na mtu aliye mbali na kompyuta yake ya kawaida, au asiyekuwa na kompyuta kabisa. Mazingira yanayotumika kutolea ufafanuzi ni miji ya Kasulu na Kibondo katika nyanda za juu za mkoa wa Kigoma, ambako sehemu kubwa ya kazi za mtandaoni zinazohitaji kompyuta hufanyika katika steshenari. Makala yanaanza kwa kuilinganisha barua pepe na sanduku la posta, kisha yanaeleza jinsi kivinjari kinavyofungua akaunti, mabaki yanayoachwa katika kompyuta ya watu wengi, na tatizo la akaunti iliyofunguliwa na mtu mwingine kwa niaba ya mwenyewe. Hoja kuu ni kwamba katika mazingira haya swali la msingi si kompyuta gani inatumika, bali ni nani anayeshika njia ya kurudi katika akaunti. Makala yanahitimisha kwa kupendekeza utaratibu unaoweza kufuatwa na mtumiaji, mtoa huduma na shule.

Maneno muhimu: barua pepe, kivinjari, nywila, steshenari, umiliki wa anwani, Kasulu, Kibondo

1.0 Utangulizi

Miongozo mingi ya matumizi ya barua pepe imeandikwa kwa kumfikiria mtu mwenye kompyuta yake mezani. Mtu huyo anaposafiri, huhesabiwa kuwa yuko mbali na kompyuta yake kwa siku chache, na hupewa tahadhari za kufuata mpaka atakaporudi. Dhana hiyo haimfai mhitimu anayetoka Makere kwenda Kasulu mjini, au anayetoka Mabamba kwenda Kibondo mjini, ili kutuma maombi ya kazi au ya mkopo wa masomo. Kwake yeye, kompyuta anayoikalia leo ni ya mtu mwingine, na atakayoikalia mwezi ujao itakuwa ya mtu mwingine vilevile. Ugeni wake mbele ya mashine si wa safari. Ni wa kila siku.

Ni kweli kwamba simu janja zimepunguza ugeni huo. Hata hivyo, hazijauondoa. Vyeti vinahitaji kuskaniwa, fomu ndefu ni taabu kujazwa kwenye kioo kidogo, na barua ya utambulisho sharti ichapwe na kugongwa mhuri. Kwa sababu hiyo, safari ya maombi huishia steshenari, yaani duka linalotoa nakala, kuchapa, kuskani na kujaza maombi ya mtandaoni. Pale ndipo anwani nyingi za barua pepe huzaliwa, na pale ndipo nyingine hupotelea.

Kupotea huko si jambo dogo. Mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma humtaka mwombaji awe na anwani ya barua pepe ili ajisajili. Mifumo ya udahili na ya ufadhili nayo huitumia anwani kumtambua mwombaji na kumrejeshea nywila aliyoisahau. Anayepoteza anwani hapotezi barua tu. Hupoteza mlango wa kuingilia katika kila mfumo aliojisajili kwa anwani hiyo. Wito wa usaili ukimpita kwa wiki moja, huenda akasubiri mwaka mzima kupata nafasi nyingine.

Ili ufafanuzi uwe na mwili, makala haya yanatumia mfano mmoja wa kubuni unaojirudia: mhitimu wa ualimu aliyesajiliwa mtandaoni katika steshenari ya Kasulu, kisha akapata kazi ya kujitolea katika shule iliyoko Kibondo. Mfano huo haumhusu mtu wala duka lolote mahususi.

2.0 Kutoka Sanduku la Posta hadi Anwani ya Mtandaoni

Nchini Tanzania, barua kwa muda mrefu haikumfikia mtu nyumbani kwake. Ilifika posta na kuwekwa katika sanduku lenye namba, na mwenye ufunguo alikwenda kuichukua. Utaratibu huo uliendelea chini ya Shirika la Posta Tanzania, lililoanza kazi mwaka 1994 baada ya kugawanywa kwa lililokuwa Shirika la Posta na Simu. Watu wengi wa vijijini hawakuwa na sanduku lao. Walitumia S.L.P. ya shule, ya parokia, ya msikiti, ya zahanati au ya mwajiri. Barua ya mtoto ilipita kwa mwalimu mkuu. Barua ya mgonjwa ilipita kwa mganga. Wengi wa walioipitisha walikuwa waaminifu. Hata hivyo, mwenye barua alijua siku zote kwamba ufunguo hauko mfukoni mwake.

Mkoa wa Kigoma una aina nyingine ya barua katika historia yake. Katika kambi za wakimbizi zilizowekwa Kasulu na Kibondo katika miaka ya 1990, ikiwamo Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka 1996, watu waliotengana na jamaa zao waliandikiana kwa barua za Msalaba Mwekundu. Barua hizo hubeba habari za kifamilia tu na husafirishwa zikiwa wazi, bila kufungwa ndani ya bahasha. Mwandishi wake anajua tangu mwanzo kwamba atasomwa njiani, na huchagua maneno yake kwa kulizingatia hilo.

Barua pepe ilikuja na ahadi tofauti. Mwaka 1971 Ray Tomlinson, mhandisi wa Marekani, alituma ujumbe kutoka kompyuta moja kwenda nyingine kwa kutumia alama ya @ kutenganisha jina la mtu na jina la mashine. Kwa miaka mingi baada ya hapo, kusoma barua pepe kulihitaji programu maalumu iliyowekwa katika kompyuta. Mabadiliko makubwa yalikuja tarehe 4 Julai 1996, Hotmail ilipozinduliwa na Sabeer Bhatia na Jack Smith. Huduma hiyo ilimwezesha mtu yeyote kufungua anwani bila malipo na kuisoma kwa kivinjari kutoka kompyuta yoyote yenye intaneti. Yahoo ikafuata mwaka 1997, na Gmail mwaka 2004.

Kwa mwenye kompyuta, uvumbuzi huo ulikuwa urahisi wa safarini. Kwa asiyekuwa nayo, ulikuwa jambo kubwa zaidi: kwa mara ya kwanza aliweza kuwa na sanduku lake peke yake, lisilopita kwa mwalimu mkuu wala kwa mwajiri. Swali la makala haya ni iwapo ahadi hiyo inatimia katika meza ya steshenari.

3.0 Jinsi Kivinjari Kinavyofungua Barua

Ili kuelewa hatari zilizopo, ni muhimu kwanza kuelewa barua yenyewe iko wapi. Zipo njia mbili za kusoma barua pepe. Ya kwanza ni ya programu, kama vile Outlook au Thunderbird, inayowekwa ndani ya kompyuta. Programu ikitumia itifaki ya zamani iitwayo POP, huzichukua barua kutoka katika seva na kuzileta katika kompyuta, na mara nyingi huzifuta kule zilikotoka. Ni sawa na mtu anayekwenda posta, akachukua barua zote na kuzipeleka nyumbani. Atakayefika posta baadaye atakuta sanduku tupu. Itifaki ya IMAP, iliyobuniwa mwaka 1986, huziacha barua katika seva na kuonyesha nakala tu.

Njia ya pili ni ya kivinjari. Hapa barua hazihami. Zinabaki katika seva za mtoa huduma, na kivinjari huwa kama dirisha la kuzitazamia. Mtumiaji anapoandika anwani na nywila, seva huzilinganisha na ilizozihifadhi. Zikilingana, seva hukipa kivinjari alama ndogo ya utambulisho iitwayo kidakuzi. Kuanzia hapo, kila ukurasa unaofunguliwa huambatana na kidakuzi hicho, na seva haimwulizi tena mtumiaji yeye ni nani. Kidakuzi ni kama tiketi ya mkononi: anayeishika ndiye anayehesabiwa kuwa ameruhusiwa kuingia.

Hapa pana jambo la lugha linalostahili kuangaliwa. Watumiaji wengi husema "nimefunga" wakiwa na maana kwamba wamebofya alama ya msalaba iliyo pembeni mwa dirisha. Kitenzi kufunga kina mawanda mapana katika Kiswahili: mlango unaofungwa unaweza kuwa umetiwa ufunguo au umesukumwa tu. Lakini Kiswahili kinavyo pia vitenzi vinavyotofautisha mambo hayo. Kushindika mlango, au kuurudishia, ni kuufunga bila kutia komeo wala ufunguo. Kwa kutumia tofauti hiyo, inaweza kusemwa kwamba kufunga dirisha la kivinjari ni kuurudishia mlango tu. Kutoka katika akaunti, kwa kubofya neno Ondoka au neno linalolingana nalo, ndiko kuutia ufunguo, kwa sababu hapo ndipo seva huibatilisha ile tiketi. Mtu aliyefunga dirisha bila kutoka ameacha tiketi yake mezani, na atakayekalia kiti hicho baada yake anaweza kufungua kisanduku bila kuulizwa nywila.

4.0 Mabaki Yanayoachwa Mezani

Tiketi isiyobatilishwa ni baki moja kati ya manne ambayo kompyuta ya watu wengi huyakusanya. La pili ni nywila yenyewe. Mara tu baada ya mtu kuingia, kivinjari humwuliza kama kihifadhi nywila yake. Katika kompyuta nyingi swali hilo huulizwa kwa Kiingereza, ilhali baadhi ya vivinjari vikubwa na huduma ya Gmail vinaweza kuwekwa katika Kiswahili. Mwombaji mwenye haraka, asiyekielewa vizuri Kiingereza, hubofya kitufe kilicho mbele yake ili swali liondoke. Kitufe hicho mara nyingi ndicho cha kukubali. Kwa hiyo suala la lugha ya kiolesura, ambalo huonekana kuwa la wanaisimu peke yao, lina athari ya moja kwa moja katika usalama wa mtu.

Baki la tatu ni viambatisho. Mtu akifungua cheti chake au kitambulisho chake cha taifa kutoka katika barua pepe ili kichapwe, nakala hushushwa katika folda ya kompyuta ile. Kutoka katika akaunti hakuifuti nakala hiyo. Inabaki pale pamoja na za wengine waliotangulia, mpaka mwenye duka akumbuke kusafisha folda. Kwa kuwa kitambulisho, saini na picha ndivyo vitu anavyovihitaji mtu anayetaka kujifanya mtu mwingine, folda hiyo ni hatari kuliko barua zenyewe.

Baki la nne halionekani kwa macho. Zipo programu zinazoweza kufichwa ndani ya kompyuta na kunasa kila herufi inayobofywa. Huingia kwa njia kama vile flashi zenye virusi, na flashi ndiyo hupita mkono hadi mkono katika kila steshenari. Dirisha la faragha la kivinjari, linaloitwa pia hali fiche, husaidia dhidi ya mabaki mawili ya kwanza, kwa kuwa linapofungwa vidakuzi hufutwa. Halisaidii dhidi ya programu inayonasa vibonye, wala halifuti nakala zilizoshushwa. Anayelitegemea kwa yote anajifunika nguo ya kuazima.

Sheria ya nchi inalitambua tatizo hili kwa kiasi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imelifanya kuwa kosa la jinai kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imewawekea wanaokusanya taarifa za watu wajibu wa kuzilinda. Hata hivyo, sheria humfikia mkosaji baada ya kosa kutendeka. Usaili uliopita haurudishwi na hukumu.

5.0 Akaunti Iliyofunguliwa na Mwingine

Mabaki yaliyoelezwa hapo juu yanazungumzwa katika miongozo mingi. Tatizo lisilozungumzwa sana, nalo ndilo kubwa zaidi katika mazingira ya Kasulu na Kibondo, ni la mtu ambaye akaunti yake haikufunguliwa na yeye mwenyewe.

Chukulia kwamba mhitimu wa mfano wetu amefika steshenari siku ya mwisho ya kutuma maombi. Foleni ni ndefu, mtandao ni wa kusuasua, na hajawahi kuwa na anwani ya barua pepe. Kijana wa steshenari anamfungulia moja kwa dakika chache. Mfumo unaomba namba ya simu ili utume msimbo wa kuthibitisha. Simu ya mhitimu imezimika kwa kukosa chaji, au laini yake haipati mtandao mahali pale. Ili kazi isikwame, kijana anaingiza namba yake mwenyewe. Anachagua nywila rahisi, pengine ileile anayowapa wateja wote ili asisumbuke kuikumbuka, na kuiandika kwenye kipande cha karatasi. Maombi yanatumwa kabla ya saa kumi. Mhitimu anashukuru, analipa na kuondoka.

Hakuna aliyekuwa na nia mbaya katika tukio hilo. Kijana alitoa msaada wa kweli, na bila yeye maombi yasingetumwa. Lakini kiini cha umiliki kimebaki kwake. Miezi miwili baadaye mhitimu yuko Kibondo. Anakaa mbele ya kompyuta nyingine, anaandika anwani na nywila kwa usahihi, na mfumo unamjibu kwamba hauitambui mashine hii. Unataka kutuma msimbo kwa namba ya simu inayoishia na tarakimu mbili. Anazitazama tarakimu hizo, si zake.

Mfumo haujakosea. Kuingia kutoka kompyuta ngeni, katika mji mwingine, ndiyo ishara ambayo watoa huduma wa barua pepe huichukulia kuwa dalili ya wizi. Ulinzi uliotengenezwa kwa ajili ya mwenye kompyuta moja na mji mmoja unamgeukia mtu ambaye maisha yake yote ya mtandaoni yamo katika kompyuta ngeni. Kwa mtu huyo kuonekana mgeni ndiyo kawaida, na kitu pekee kinachoweza kumthibitisha ni ile namba ya simu aliyoiacha Kasulu.

Hali hii inafanana na ile ya S.L.P. ya shule kwa kiasi cha kushangaza. Anwani ina jina la mhitimu, barua zinazoingia ni zake, lakini ufunguo uko kwa mtu mwingine. Kuna tofauti moja tu, nayo inaifanya hali ya sasa kuwa ngumu zaidi. Mtoto aliyetumia sanduku la shule alijua kwamba ufunguo uko kwa mwalimu mkuu, na alijua pa kumpata. Mhitimu hakujua kwamba kuna ufunguo wa pili mpaka siku alipouhitaji. Kijana wa steshenari anaweza kuwa amehama, amebadilisha laini, au hakumbuki tena akaunti hiyo miongoni mwa nyingi alizozifungua.

Tatizo hilohilo hujitokeza kwa sura nyingine pale muuza simu anapomwekea mnunuzi akaunti ili simu janja mpya ifanye kazi. Mnunuzi hutumia simu kwa miaka bila kuijua nywila, kwa sababu simu haimwulizi. Siku simu inapopotea au kuharibika, akaunti hupotea nayo, hata kama barua zote bado ziko salama katika seva. Faida kubwa ya barua pepe ya kivinjari, yaani kutokufungwa kwenye mashine moja, inakuwa haipo tena kwake.

6.0 Namba ya Simu, Karatasi na Muda

Kutokana na maelezo hayo, inadhihirika kwamba katika mazingira haya laini ya simu ndiyo nguzo ya anwani ya barua pepe. Usajili wa laini kwa alama za vidole, uliofanywa nchini kote kuanzia mwaka 2019, umeiimarisha nguzo hiyo kwa namna moja: aliyepoteza laini iliyosajiliwa kwa jina lake anaweza kurejeshewa namba ileile akithibitisha kuwa ni yeye. Laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine haimpi haki hiyo. Aidha, namba isiyotumika kwa muda mrefu inaweza kufungwa na baadaye kupewa mteja mpya. Anayeacha laini bila kubadilisha namba ya urejeshaji katika akaunti yake anamwachia mtu asiyemjua ufunguo wa sanduku.

Nguzo hiyo ina udhaifu wake. Msimbo unaotumwa kwa simu unahitaji simu yenye chaji na mahali penye mtandao kwa wakati uleule ambao kompyuta ina umeme na intaneti. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 2020, miji ya nyanda za juu za Kigoma ilitegemea jenereta za dizeli, na ingawa gridi ya taifa imeufikia mkoa, vitu hivyo vinne havikutani kila saa. Kwa sababu hiyo, njia ya karatasi inastahili kufahamika zaidi. Akaunti ya Google iliyowekewa uthibitishaji wa hatua mbili humpa mwenyewe orodha ya misimbo ya akiba kumi, ambayo kila mmoja hutumika mara moja tu. Orodha hiyo ikichapwa na kuwekwa nyumbani pamoja na vyeti vya shule, mtu anaweza kuingia kutoka kompyuta yoyote hata kama simu yake imezimika. Katika jamii ambayo vyeti huhifadhiwa kwa uangalifu mkubwa ndani ya mifuko ya nailoni na masanduku ya chuma, ushauri huu hauhitaji teknolojia mpya. Unahitaji tu karatasi moja iongezwe katika bahasha iliyopo.

Jambo jingine la kuzingatia ni muda. Mwaka 2023 Google ilitangaza kwamba akaunti isiyotumiwa kwa miaka miwili inaweza kufutwa, na ufutaji ukaanza kutekelezwa kuanzia Desemba mwaka huohuo. Mtu aliyefungua anwani kwa ajili ya ombi moja, kisha akaisahau, anaweza kurudi na kukuta haipo tena. Vilevile, mwanzoni mwa mwaka 2024 Gmail iliondoa mwonekano wake mwepesi uliokuwa ukifunguka hata mahali penye intaneti dhaifu. Uamuzi huo ulikuwa mdogo kwa mwenye mtandao wa kasi, lakini umeongeza dakika za kusubiri kwa anayelipia kompyuta kwa muda.

7.0 Utaratibu Unaopendekezwa

Kwa kuzingatia ufafanuzi uliotolewa, makala yanapendekeza utaratibu wenye pande tatu.

Kwa upande wa mtumiaji, hatua huanza kabla ya kuondoka nyumbani. Simu iwe na chaji, na laini iwe iliyosajiliwa kwa jina lake. Kwa mwanafunzi ambaye hajawa na laini, itumike namba ya mzazi au mlezi anayepatikana. Akiwa mezani, anwani aiandike mwenyewe, na nywila aichague na kuibofya kwa mkono wake, hata kama ni polepole. Nywila ndefu inayotokana na sentensi anayoikumbuka, pengine ya Kiha, ni bora kuliko jina na mwaka wa kuzaliwa. Kivinjari kikiuliza kama kihifadhi nywila, jibu ni hapana. Kabla ya kunyanyuka, atoke katika akaunti, afungue upya ukurasa wa barua pepe na kuhakikisha kwamba anaulizwa nywila, kisha afute nakala za vyeti vyake katika folda ya vilivyoshushwa na katika pipa la taka la kompyuta. Akikumbuka akiwa njiani kwamba hakutoka, bado ana nafasi: kupitia simu au kompyuta nyingine anaweza kufungua sehemu ya usalama ya akaunti yake, kuona vifaa vilivyo wazi na kuvitoa kutoka mbali. Kubadilisha nywila pia huvifunga vifaa vingi vilivyokuwa wazi.

Mtu ambaye tayari ana akaunti iliyofunguliwa na mwingine asisubiri siku ya dharura. Wakati bado anaweza kuingia, abadilishe nywila, aondoe namba isiyo yake na kuweka yake. Kazi hiyo haichukui muda mrefu, na inaweza kufanyika katika steshenari ileile akiwa pamoja na kijana aliyemsaidia, kwa kuwa huenda msimbo mmoja wa mwisho ukatumwa katika simu ya kijana huyo.

Kwa upande wa mtoa huduma, kivinjari kinaweza kufunguliwa katika hali ya mgeni kwa kila mteja, ili vidakuzi na nywila visihifadhiwe. Folda ya vilivyoshushwa isafishwe kila jioni. La muhimu kuliko yote, namba ya mtoa huduma isiingizwe katika akaunti ya mteja. Ikiwa simu ya mteja imezimika, ni afadhali ichajiwe palepale dukani kwa nusu saa kuliko kumfungulia sanduku ambalo hatakuwa na ufunguo wake. Duka linalojulikana kwa uangalifu huo halitapoteza wateja.

Kwa upande wa shule na vyuo, anwani ya kwanza ya mtu haipaswi kuzaliwa siku ya mwisho ya maombi. Mwanafunzi wa kidato cha nne au wa chuo cha ualimu anaweza kuifungua akiwa bado shuleni, bila haraka, akisimamiwa na mwalimu anayemweleza kwa Kiswahili maana ya kila swali linaloulizwa na mfumo. Somo hilo halihitaji maabara kubwa. Kompyuta moja yenye intaneti na ratiba ya zamu vinatosha kwa darasa zima ndani ya muhula.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamefafanua kwamba barua pepe ya kivinjari iliitenganisha barua na mashine, na kwa kufanya hivyo ikampa asiyekuwa na kompyuta nafasi ya kuwa na sanduku lake mwenyewe. Yameonyesha pia kwamba nafasi hiyo hupotea kwa njia mbili: kwa mabaki yanayoachwa katika kompyuta ya watu wengi, na kwa ufunguo unaobaki kwa aliyemfungulia. Njia ya kwanza hurekebishwa kwa mazoea ya dakika chache kabla ya kunyanyuka mezani. Njia ya pili ni nzito zaidi, kwa sababu haionekani mpaka siku ya uhitaji.

Kwa mantiki hiyo, mafunzo ya barua pepe katika mazingira kama ya Kasulu na Kibondo hayana budi kuanza na swali ambalo miongozo ya kawaida hulichukulia kuwa limekwisha kujibiwa: namba iliyo katika akaunti hii ni ya nani? Mhitimu anayeweza kulijibu swali hilo kwa kusema "ni yangu" anaweza kukaa mbele ya kompyuta yoyote, Kasulu, Kibondo au kwingineko, na kuisoma barua yake. Asiyeweza kulijibu hivyo bado anatumia sanduku la mtu mwingine.